Simu ya Marehemu Jumbe

Jumbe Nyati alipofariki aliacha wajane watatu, deni la chumvi, na simu. Wajane walirudi kwao matanga yalipoondoka. Deni lilijifia lenyewe, maana mdai alikuwa Digidigi, na pembe za Digidigi hazimtishi mtu. Ikabaki simu, na hiyo ndiyo iliyokikosesha kijiji usingizi.

Kijiji kilikuwa chini ya milima ya Usambara, kando ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi, kati ya Mombo na Buiko. Reli hiyo Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Njiani vilijengwa vituo vikubwa vya kupakia mkonge na vituo vidogo vya treni kupishana, na vituo vikawekewa simu. Haikuwa anasa. Njia ilikuwa moja tu, na mkuu wa kituo asipomwuliza mwenzake kama njia iko wazi, treni mbili hukutana uso kwa uso mahali pasipo na pa kupishia.

Kituo cha hapo kilikuwa cha wadogo: chumba kimoja cha mawe, bati, na mwarobaini mlangoni. Treni za abiria zilipokoma, binadamu wakafunga wakaenda zao, na wanyama wakaingia. Nyati akakifanya chumba hicho ofisi kwa kuwa mlango wake ulipitisha pembe. Hata abiria waliporudi kwenye reli ile mwisho wa mwaka 2019, treni ilipita bila kusimama, na wasafiri walikuwa na simu zao viganjani. Hakuna aliyeteremka kuiulizia ile ya mezani.

Ilikuwa simu ya kukoroga: sanduku jeusi zito, kengele mbili za shaba, mkonga uliolala juu ya vishikio vyake, na mpini ubavuni. Haikuwa na kisahani cha namba, wala haikukihitaji. Simu za aina hiyo unakoroga mpini, kengele inalia upande wa pili, na aliyeko huko anainua.

Nyati alitawala kwa simu hiyo. Mnyama akija na shauri lake, Jumbe alimsikiliza nusu, akainua kwato kumnyamazisha, akakoroga mpini mara tatu, kisha akanguruma kwenye mkonga: “Halooo! Ndiyo, mkubwa. Ndiyo. Ndiyo, mkubwa. Nimekuelewa.” Akaurudisha mkonga mahali pake, akamgeukia mwenye shauri kwa masikitiko. “Umesikia mwenyewe. Mimi ningependa. Lakini ndiyo maagizo.”

Kwa simu hiyo njia ya Kulungu ilifungwa, Mama Kanga akasamehewa ushuru wa nafaka, na Fisi akapewa ulinzi wa usiku. Agizo kubwa kuliko yote lilihusu ndiva. Ndiva, kwa asiyekijua kilimo cha milima ile, ni bwawa la kukingia maji yanayoshuka kutoka juu: hujaa usiku, hufunguliwa alfajiri, na maji hufuata mfereji mpaka mashamba ya bondeni. Siku moja mkubwa alipiga simu akaagiza ndiva isifunguliwe mpaka utafiti ukamilike. Utafiti ulikuwa Nyati mwenyewe, aliyelala humo majini, pua tu ikiwa nje, tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Ulidumu miaka.

Huyo mkubwa alikuwa nani, hakuna aliyejua. Wengine walisema yuko Tanga, wengine Dodoma, na Tumbili aliapa kuwa amemwona Lushoto akinunua peasi. Walichokubaliana wote ni kwamba mkubwa ana hasira, na kwamba Jumbe peke yake ndiye anayejua kusema naye.

Tena kulikuwa na jambo ambalo kila mmoja alilijua kipande, na hakuna aliyelijua zima. Fisi alijua kwamba usiku mmoja wa zamu yake alikata waya wa shaba kuanzia kituoni mpaka kona ya reli, akauuza kwa lori la chuma chakavu. Mchwa walijua nguzo ngapi walikula. Kunguru alijua kiota chake kimefumwa kwa vipande vya waya gani. Panya Buku alijua aliutafuna uzi uliopita chini ya meza, akala na gundi yake. Na kila mmoja, akimwona Jumbe bado anapokea maagizo, alijituliza moyo: “Nilichokiondoa mimi kilikuwa cha ziada. Wakubwa hawakosi njia nyingine.”

Basi baraza liliitishwa chini ya mwarobaini kuamua hatima ya simu. Mwenyekiti wa muda alikuwa Nyani, karani wa marehemu, aliyeandika kila agizo katika daftari la maagizo na sasa alikuwa akiutazama ujumbe kwa jicho la mtu asiyeutaka. Kikao cha kwanza kilijadili posho, kikamalizika mapema kwa maafikiano: debe la mahindi kwa kila mjumbe kwa kila kikao. Kikao cha pili kilijadili simu ni mali ya nani.

“Ndugu wajumbe,” alisema Nyani, “suala hili ni la kisheria. Simu hii ilikuwa ya Reli ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mali zake akapewa Mswisi mmoja msuluhishi, Dakta Victor Umbricht, azipigie hesabu, na mkataba wa kugawana ukatiwa saini mwaka 1984. Kenya ilipata yake, Uganda yake, na sisi yetu. Lakini Dakta Umbricht hakufika ofisini humu. Simu hii haikuhesabiwa. Kwa maana hiyo bado inangoja kugawanywa.”

Punda akanyoosha sikio. “Samahani, Mwenyekiti. Ina maana tutaikata vipande vitatu?”

Akaambiwa akasome hadidu za rejea. Punda hakujua kusoma, akatulia. Baraza likaazimia kwamba suala la umiliki liundiwe kamati ndogo, na kamati ndogo ikaomba posho ya kamati ndogo.

Kikao cha tatu ndipo mapendekezo yakaanza.

Kunguru alisimama wa kwanza. Yeye ni msafiri, kila bandari anaijua. “Tuiuze,” alisema. “Unguja, maduka ya Mji Mkongwe yana wateja wa vitu hivi. Lakini tuwe macho. Wafanyabiashara wamejaza simu za shaba za kuiga zinazotoka India. Ukizitazama zina kisahani cha kuzungusha, ukizigusa unakuta ni vibonye vilivyopangwa duara. Yetu ni ya kweli. Hii si plastiki ya ndoo. Hii ni bakelaiti, aliyoigundua Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Ukiisugua kwa kidole mpaka ipate moto, inatoa harufu ya dawa ya hospitali.”

Wajumbe wakapanga foleni kuisugua. Kweli ilinuka hospitali. Wengine walirudi nyuma ya foleni wakasugua tena.

“Na nani atakayeipeleka Unguja?” aliuliza Nyani.

“Mimi naweza kujitolea,” alisema Kunguru. “Pamoja na betri zake, waya zake, na kila kitu chenye asili ya waya kilichoko hapa kijijini. Tusibakize hata kipande.”

Mama Kanga alipinga kwa uchungu. “Mtauza urithi? Dar es Salaam wana makumbusho tangu 1940. Sisi tuna nini cha kuwaonyesha wajukuu? Tuiweke kwenye sanduku la kioo, tuandike: Hapa ndipo Jumbe Nyati alipopokea maagizo. Watakaokuja kutazama walipe kiingilio. Tunachohitaji ni mkurugenzi mmoja tu, mwenye heshima zake, asiyedaiwa ushuru.”

Nguchiro, msemaji wa vijana, aliona sanduku la kioo ni ushamba. Mjini, alisema, simu kama hizi hutolewa matumbo, zikatiwa balbu, zikawa taa za mezani. Vijana walipiga makofi. Mzee mmoja akauliza umeme wa taa utatoka wapi. Nguchiro akajibu kwamba hilo ni la awamu ya pili.

Fisi alisubiri wote wamalize. Alisimama akafuta machozi. “Wenzangu, mimi natazama utu. Marehemu aliipenda simu hii kuliko wake zake. Tuizike naye. Tuifukie chini sana, pamoja na nguzo zilizobaki, na pasiwe na mtu wa kufukua.”

Fisi kutaja kaburi, wajumbe wakatazamana. Hata hivyo hoja yake iliungwa mkono na Panya Buku na ujumbe wote wa Mchwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya baraza lile.

Mwisho akazungumza Nyani, kwa sauti ya chini kama inavyompasa aliyekwisha shinda. “Mimi ningeshauri tusiiguse. Simu ni ya ofisi, na ofisi ina mwenyewe, atakayechaguliwa. Maagizo yaendelee kupokelewa kwa utaratibu ule ule tuliouzoea. Tusimchokoze mkubwa.”

Vichwa vilianza kutikisika kukubali, maana mahindi yalikuwa yamekwisha kupimwa na madebe yalikuwa yakingoja. Hapo ndipo Bibi Kobe alipotoa shingo.

“Wanangu,” alisema, “mimi sijui bei ya bakelaiti. Nina swali la kizee. Mkubwa amepewa taarifa ya msiba?”

Pakawa kimya.

“Naona leo arobaini imepita,” aliendelea. “Marehemu alikuwa akisema naye kila siku ya Mungu. Nyati amelala kaburini siku zote hizi, na mkubwa hajapiga hata kuuliza mbona kimya. Rambirambi hatukuiona. Shada hatukuliona. Mbona hata Digidigi, aliyedhulumiwa chumvi yake, alileta ukili wa mkeka? Huyu mkubwa ni wa namna gani, asiyezika?”

“Bibi,” alisema Nyani, “mkubwa ana shughuli nyingi. Si vizuri kumsumbua.”

“Msiba hausumbui mtu, mwanangu. Koroga hapo. Mpe taarifa.”

Nyani hakuwa na pa kukimbilia, maana mwarobaini ulikuwa umejaa ndege. Alikoroga mpini, akaweka mkonga sikioni, akakunja uso kama alivyomwona marehemu akifanya. “Halooo! Ndiyo, mkubwa. Ndiyo, ni kweli, ametutoka. Ndiyo. Anasema poleni sana.”

“Ahsante yake,” alisema Bibi Kobe. “Mwambie asikate. Nasi tumsalimu.”

Wakampa Sungura mkonga, kwa kuwa masikio yake ndiyo yenye ukubwa wa kazi hiyo. Sungura akasikiliza sikio la kulia, akahamishia la kushoto. Baraza zima lilizuia pumzi.

“Unasikia nini?”

“Hakuna kitu,” alisema Sungura. “Hata mchakacho hakuna. Nimeshawahi kusikiliza jiwe, likawa na maneno kuliko hii.”

Akaitwa Kigong'ota. Yeye ni fundi kwa ukoo: babu zake waligonga nguzo za reli hiyo tangu zilipokuwa mbichi. Aliipindua simu juu ya jamvi, akalegeza skrubu za chini moja moja kwa mdomo, akaondoa kifuniko. Wajumbe waliinama wote kutazama, maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona kilichokuwa kikiwatawala.

Ndani mlikuwa na sumaku nene zilizopindwa, zimesimama sambamba, na katikati yake msokoto wa waya mwembamba uliofungwa kwenye gurudumu la mpini. “Huu ndio mtambo wa kengele,” alisema Kigong'ota. “Ukikoroga, msokoto unazunguka katikati ya sumaku, unazaa umeme wa volti 70 na zaidi. Panya Buku, hebu shika hapa.” Panya Buku akashika waya mbili, Kigong'ota akazungusha mpini, na Panya Buku akaruka mpaka mapajani mwa Mama Kanga. “Mnaona? Mzima kabisa. Kengele za upande wa pili zingelia, kama upande wa pili ungekuwepo.”

Kisha akafungua kichwa cha mkonga, pale penye kusemea. Kulikuwa na kidonge cha bati, na ndani yake punje nyeusi za kaboni. “Ukisema, sauti inazisukuma punje hizi, zinabanana na kuachana, na umeme unacheza zinavyocheza. Zikikaa bila kazi zinashikana.” Akagonga kidonge mara mbili, punje zikachakacha. “Na umeme wa kusemea hautoki kwenye mpini. Unatoka hapa.” Akachomoa betri mbili zilizovimba, zimetoka ukoga mweupe na kijani mpaka zimekula kibati cha kisanduku. “Hizi zilikufa kabla ya marehemu. Kabla sana.”

Mwisho akaushika uzi unaotoka nyuma ya simu, akaufuata kwa miguu. Uliingia chini ya meza, palipokuwa na alama za meno. Ukapita tundu la ukutani. Ukatokea nje, hatua mbili kutoka ukutani, ukakoma juu ya mchanga, ukimtazama Fisi.

Maungamo yalifanyika, kwa adabu ya mabarazani. Fisi alieleza kuwa alipata habari za wezi wa shaba, akaona auhamishie waya mahali salama, na mahali salama palikuwa kwenye lori. Mchwa walisema nguzo zilikuwa zimeoza, wao waliwahi tu kuondoa uchafu. Kunguru alikiri kiota, lakini akaongeza kwamba ni kiota cha muda. Panya Buku bado alikuwa akitetemeka, hakuombwa maelezo.

Swali lililobaki, maagizo yale yalitoka wapi, halikuulizwa na mtu. Kulungu alilifungulia mdomo, akatazama kulia akamwona Kanga mwenye msamaha wa ushuru, akatazama kushoto akamwona Fisi mlinzi wa usiku, akaufunga. Kila aliyekuwa na sauti barazani aliwahi kufaidi agizo moja.

“Basi tuitupe,” alisema Nguchiro. “Imekufa.”

“Nani kasema imekufa?” aliuliza Kigong'ota. “Simu haikuharibika. Imekosa mwenzake. Kule bondeni, kwenye kituo kingine kilichofungwa, kuna nyingine ya sura hii hii. Njiwa anaatamia juu yake. Simu hizi hazina haja ya mitambo ya mjini. Ukipata mbili, ukatia kila moja betri mbili za tochi, yaani volti 3, na waya wa kuziunganisha, zinasemezana.”

“Waya uko wapi, na Fisi tunaye?”

“Seng'enge. Shamba la mkonge lililoachwa lina ua kutoka hapa mpaka karibu na mto. Waya mmoja unatosha. Wa kurudia ni ardhi yenyewe, tunachimbia chuma kila upande kwenye udongo mbichi. Msishangae. Huko Marekani, miaka ya mwanzo ya 1900, wafugaji walipigiana simu kwa nyaya za ua wa ng'ombe, na penye kigingi walitumia hata shingo za chupa kuzuia waya usiguse mti, umeme usinyonywe na unyevu. Chupa tunazo. Treni ikipita tu, abiria wanatutupia.”

Hakuna aliyeuliza seng'enge ni mali ya nani, kwa sababu fungu la posho lilikuwa limekwisha.

La ajabu, Nyani ndiye aliyeunga mkono kuliko wote. Alikuwa amepiga hesabu zake. Ikiwa simu iliyokufa ilimpa Nyati enzi ya miaka yote ile, je, iliyo hai? Akachaguliwa ujumbe kwa kura zote, Punda akabeba chupa, ndege wakafunga waya, na mwezi mmoja ulipokwisha simu ikarudishwa juu ya meza ya ofisi, imepakwa mafuta ya nazi, inang'aa.

Kengele ililia asubuhi ya kwanza. Ililia kweli, kwa sauti mbili zinazopokezana, na wanyama wakatoka mashambani mbio kuja kusikia. Jumbe Nyani alivaa kofia, akaketi, akainua mkonga.

“Halooo!”

“Shikamoo, Jumbe.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Mimi Chura, wa bondeni. Tunashukuru kwa simu. Jumbe, ndiva itafunguliwa lini?”

Nyani alitazama dirishani. Nyuso zilikuwa zimejaa mpaka kwenye matawi. “Suala hilo nimelipokea,” alisema. “Linashughulikiwa.”

“Ahsante, Jumbe. Nisubiri hapa hapa?”

Alikata. Ikalia tena. Alikuwa Kulungu mdogo, binamu wa yule wa juu, akiuliza njia ilifungwa kwa sababu gani. Ikalia tena, Digidigi na chumvi yake. Ikalia saa ya chakula, Kiboko akitaka kujua utafiti wa ndivani ulifikia wapi na matokeo yake yatatangazwa na nani. Siku ya tatu Jumbe aliona bora arejee dawa ya mababu. Chura alipouliza tena habari za maji, Nyani alishusha sauti.

“Bwana Chura, mimi ningependa. Lakini jambo hili si langu. Ngoja kwanza niongee na wakubwa.”

“Ongea tu, Jumbe,” alisema Chura. “Waya ni huu huu mmoja. Tunasikiliza wote.”

Na kweli walikuwa wakisikiliza. Nyani alisikia pumzi zao kwenye mkonga: ya Kiboko nzito, za vyura nyingi na fupi. Akaukaza mkonga, akafungua mdomo, akaufunga. Hapo ofisini, dirishani, Bibi Kobe alikuwa ametoa shingo yote.

Baada ya siku hiyo simu ikanyamaza. Wiki ikapita, ikapita ya pili. Nyani alisoma taarifa yake barazani: tangu uongozi mpya uingie, malalamiko ya bondeni yamepungua mpaka sifuri. Wajumbe walipiga makofi. Kanga alipendekeza pongezi ziandikwe.

Punda, aliyekuwa akishuka mtoni kila jioni kuchota maji, alisema bondeni wanakoroga mpaka mpini unapata moto. Akaambiwa apitie kwa mjumbe wa eneo lake.

Lakini Kigong'ota alikuwa na ada ya fundi, kurudi kutazama kazi yake. Alikagua seng'enge, nzima. Akapima betri, nzima. Akaingia ofisini Jumbe akiwa ndivani, akakuta simu juu ya meza inatoa mlio mdogo wa ajabu: dhu, dhu, dhu. Akaitazama kengele. Katikati yake, pale kirungu kinapogonga, palikuwa pamesokomezwa kitambaa. Kilikuwa kipande cha pazia la ofisi, kimekunjwa vizuri, kwa mkono wenye vidole.

Baraza likaitishwa kwa dharura, posho ya dharura. Ajenda: kitambaa. Fisi alitaka kizikwe. Kunguru alijua soko lake. Nguchiro aliona kinafaa kuwa utambi wa ile taa. Mama Kanga akataka kihifadhiwe kwa vizazi vijavyo, na Nyani akapendekeza kamati ndogo ichunguze kama kengele yenyewe haikuomba kufunikwa kutokana na vumbi.

“Mnajadili kitambaa,” alisema Bibi Kobe. “Waya ulipokuwa umekatika, Jumbe alisikia sauti kila siku. Sasa waya ni mzima, Jumbe hasikii kitu. Fundi katengeneza alichoweza kutengeneza. Itoeni ofisini hiyo simu. Iwekeni hapa mtini, na anayepita ainue.”

“Anayepita!” alisema Nyani. “Mnyama yeyote? Asiye na cheo? Atajibu nini?”

Kabla hajamaliza, wajumbe wachache walikuwa wamekwisha kuibeba. Kigong'ota alichomoa kitambaa. Simu ikatundikwa kwenye mwarobaini, na haikukaa, ikalia. Wajumbe wakaanza kubishana ni nani mwenye mamlaka ya kuinua, na kama kuinua kuna posho. Punda alikuwa karibu. Akaangusha mkonga kwa pua, akainamisha sikio.

“Halo. Ndiyo, ni Punda. Salama, Bwana Chura, habari za huko? Maji?” Akafikiri kidogo. “Kizibo cha ndiva si kile gogo la upande wa chini? Haya, ngoja nikafungue.”

Akaenda akafungua.

Jioni ile mfereji ukiwa umejaa, Jumbe Nyani alikaa mezani peke yake, akachovya kalamu, akaandika katika daftari la maagizo, kwa mwandiko wake mzuri wa siku zote: Maji ya bondeni yamefunguliwa leo, kwa agizo la mkubwa.